Wananchi Wapewe Elimu, Friji Lipewe Nini?

Kuna sentensi moja ambayo ukihudhuria warsha yoyote hapa Unguja, iwe ya umeme, ya maji, ya benki au ya simu, utaisikia kabla ya chai ya saa nne. Mtu anasimama, anasema itifaki imezingatiwa, halafu anashusha pumzi: "Changamoto kubwa hapa ni uelewa. Wananchi wapewe elimu." Ukumbi mzima unatikisa kichwa kukubali. Mwenye kalamu anaandika "ELIMU" kwenye karatasi kubwa ya ukutani, na hapo tatizo linahesabiwa kuwa limeshapatiwa mwenyewe. Mwenyewe ni mimi na wewe na bibi yako.

Ninasomea shahada ya pili ya uhandisi wa umeme, na sentensi hiyo imenichosha. Sikatai kwamba watu wanahitaji kujua mambo. Lakini kwenye vifaa vya nyumbani, kila nilipoifuata sentensi hiyo mpaka inakotoka, nimekuta kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine, mbali huko, na mtu wa hapa aliyeambiwa ajifunze kuishi nacho. Tunaita elimu kile kitendo cha kumtwisha mnunuzi kazi ambayo mtengenezaji ameshalipwa kuifanya.

Tuanze na mita.

Mita ya kulipia kabla, ambayo Bara wanaiita LUKU na sisi huku tunaiita tukuza, inafuata kiwango cha kimataifa kinachoitwa STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Niisifu kwanza, maana inastahili. Mita hiyo haihitaji intaneti wala laini ya simu. Unanunua umeme popote ulipo, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza, basi. Ndani ya tarakimu hizo kuna idadi ya yuniti na kuna utambulisho wa tokeni yenyewe, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako tu. Ukimpa jirani hazimfai. Ukizibonyeza mara ya pili zinakataliwa. Kwa vifaa vya wakati ule ni kazi safi, na mara ya kwanza nilipousoma mpangilio wake nilitabasamu peke yangu maktaba.

Kisa kimo ndani ya ule utambulisho. Ni hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, na imetengewa biti 24. Biti 24 zinaweza kuhesabu dakika 16,777,216, kisha zinajaa. Gawa kwa 1,440 upate siku, tembea nazo kwenye kalenda, utaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Kuanzia hapo hesabu inarudi sifuri. Mita imefundishwa kukataa tokeni iliyo ya zamani kuliko zile ilizokwisha kuzipokea, kwa hiyo wewe uliyenunua umeme leo asubuhi unaonekana umetoka mwaka 1993. Tatizo hilo lilizikabili mita zote za kiwango hicho duniani, makumi ya mamilioni.

Hakuna mhandisi aliyeshtukizwa na tarehe hiyo. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza, na mtoto wa skuli mwenye kikokotoo angeipata kwa dakika mbili. Biti mbili zaidi zingeifikisha hesabu kwenye miaka 127. Najua nafasi ilikuwa finyu, biti 64 kwa kila kitu; nimeshakaa na karatasi nikitafuta pa kuziiba. Inawezekana hapakuwa na namna. Lakini basi swali la pili lilipaswa kuulizwa siku hiyo hiyo: tarehe ikifika, nani atazirekebisha mita? Jibu lililopatikana ni mteja. Mwaka 2024 TANESCO iliwatangazia wateja wake wa Bara kwamba watakaponunua umeme watapewa makundi matatu ya tarakimu 20, wayaingize moja baada ya jingine kwa mpangilio wake. Shirika halikukibuni kiwango, lilikikuta hivyo. Hata hivyo tarakimu ni 60, na nyuma yake zikaja video, mabango na vipindi vya redio. Elimu.

Sasa chukua zile tarakimu uzipeleke mahali zinapobonyezwa. Nyumba ya Mji Mkongwe iliyokuwa ya ukoo mmoja sasa ina familia nne au tano, na mita zimepangwa ukutani chini ya ngazi, pasipofika mwanga wa dirisha. Yuniti zimekwisha, kwa hiyo kuna kiza. Tochi ni simu. Ujumbe wenye tarakimu umo kwenye simu hiyo hiyo. Ukimulika mita huoni ujumbe. Ukisoma ujumbe huoni vitufe, ambavyo namba zake zimeshafutika kwa vidole vya miaka kumi. Kioo cha simu kinazima kila baada ya nusu dakika. Ndiyo maana ukipita vichochoroni usiku unasikia sauti ya mtu anayesoma na ya mwingine anayerudia: "Nne, nne, sifuri, saba..." Kuingiza umeme Unguja ni kazi ya watu wawili, na mjane anayeishi peke yake anamwita mtoto wa jirani. Hakuna kipeperushi kitakachomwotesha mkono wa tatu.

Na hesabu mpya? Imeanzishwa upya kutoka tarehe 1 Januari 2014, kwa biti zile zile 24. Itajaa tarehe 24 Novemba 2045. Nimeiandika kwenye kalenda ya simu yangu, kama simu yenyewe itafika.

Mita ni afadhali, kwa sababu mita haiungui. Friji ndilo linaloniuma zaidi, na nitakaa hapo kidogo.

Ndani ya friji kuna kompresa, yaani pampu inayosukumwa na mota. Inapofanya kazi, gesi inakuwa na mgandamizo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili. Umeme ukikatika, pande hizo mbili zinahitaji dakika tatu hadi tano kusawazika. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inalazimika kuanza huku inasukumana na gesi. Inashindwa, inanguruma, inavuta mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida, na waya zake zinapata moto. Kuna kikinga kidogo kinachokata, lakini kikikata na kurudi mara nyingi nacho huchoka. Ongeza hapo umeme mdogo. Nguvu ya mota ya kuanzia inashuka kwa mraba wa volti: ikitakiwa volti 230 na ukutani zimefika 160, nguvu iliyobaki haifiki hata nusu. Mota inasimama palepale inajichemsha.

Umeme wetu unakata, unarudi, halafu unakata tena kabla hujamaliza kusema alhamdulillahi. Jioni, kila nyumba inapopika na kuwasha feni, taa zinakuwa za njano kama kibatari. Hakuna aliyewahi kuficha habari hii. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari mpaka Fumba, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme huo. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Nilikuwa skuli ya msingi. Nakumbuka ndoo, maana pampu za maji nazo zilikuwa zimelala, na nakumbuka moshi wa jenereta mbele ya maduka. Friji letu lilifanywa kabati la madaftari na biskuti. Mpira wa mlango ulizuia sisimizi vizuri sana, na hiyo ndiyo huduma bora liliyowahi kutupa. Mwaka 2013 ikazinduliwa kebo ya pili, ya megawati 100, kwa fedha za Marekani, na hali ikapata nafuu kubwa. Kukatika kwa kila wiki hakukuisha. Kwa hiyo mtu anayeuza friji kisiwani hapa anajua kabisa analipeleka wapi.

Dawa ya ugonjwa huu ni saketi ndogo yenye kazi mbili: kusubiri dakika tatu kabla ya kuwasha, na kukataa kuwasha volti zikiwa chini au juu kupita kiasi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijenga kwa mchana mmoja. Inauzwa kila duka la umeme Darajani, kile kiboksi kinachochomekwa kati ya friji na soketi. Mafriji ya bei kubwa mengi yanayo kwa ndani. Ya bei ya chini, ambayo ndiyo yananunuliwa na watu wasioweza kununua la pili, mengi hayana. Kinga inauzwa pembeni, kama vile gari liuzwe bila breki halafu breki ziwe kwenye kabati la vifaa vya ziada.

Jirani yetu Ng'ambo anauza barafu na juisi. Alinunua friji jipya kwenye duka moja la mjini, miezi miwili kabla ya Ramadhani, kwa pesa ya mchezo aliyosubiri zamu yake mwaka mzima. Shaabani haijesha, kompresa ikafa. Alirudi dukani na karatasi ya dhamana. Kijana wa dukani alimuuliza swali moja tu: "Ulitumia stabilaiza?" Hakutumia. "Basi mama, dhamana haihusiki. Lazima mpate elimu ya kutumia hivi vitu." Mimi nilikuwa nimemsindikiza, eti kwa vile nasoma umeme. Njiani akaniuliza, "Mwanangu, kama friji haliwezi kuishi bila hicho kidude, kwa nini wasiliuze nacho?"

Hilo ndilo swali la uhandisi, limeulizwa na mtu ambaye warsha zetu zingemweka kwenye orodha ya wasio na uelewa. Mwezi ule mzima alinunua barafu za jumla Darajani na kuziuza kwa faida ya shilingi chache, na aliyembebea sanduku ni mtoto wake aliyetakiwa kuwa tuisheni.

Watanijibu kuhusu bei. Ukiweka kinga ndani, friji litapanda, maskini atakosa. Jibu hilo linapendwa sana na watu wenye friji. Geuza chaja ya simu yako usome maandishi madogo: inapokea volti 100 hadi 240. Ile unayonunua kwa shilingi elfu chache inameza umeme wa Japani, ambao ni volti 100, na wetu, na ule mchovu wa jioni, bila kulalamika. Iliwezekana kwa sababu ilimfaa mtengenezaji: chaja moja kwa dunia nzima ni rahisi kwake kuliko kumi za aina kumi. Uvumilivu ulipokuwa na faida kwake, uliwekwa na hakuna aliyezungumzia bei. Na maskini anayeonewa huruma tayari ameshalipa: kiboksi, fundi, samaki waliooza, na friji la pili ambalo ni mtumba wa Dubai lililokuja na uzee wake.

Chumvi nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayoua simu zetu. Kuna jaribio la kimataifa la ukungu wa chumvi: kifaa kinawekwa ndani ya chumba chenye mvuke wa maji ya chumvi asilimia 5 kwenye nyuzijoto 35. Wamejenga Forodhani ndani ya sanduku, imekosekana mishikaki. Vifaa vya meli na vya jeshi hupitishwa humo. Simu ya bei ya chini itakayoishi mita 200 kutoka baharini miaka mitatu, mara nyingi haipitishwi, na kitundu chake cha chaji kikishika kutu kijani, fundi anakisugua kwa mswaki na spiriti huku tajiri wa simu akiulizwa kama aliiingiza majini.

Australia swali kama hilo lilikwenda upande wa pili. Juni 2022 mahakama ya nchi hiyo iliiamuru Samsung Australia ilipe dola milioni 14 za huko. Matangazo yake yalikuwa yameonesha simu za Galaxy zikitumika kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini, na kampuni ikakubali kuwa yalipotosha, kwani kitundu cha chaji kingeweza kuliwa na kutu iwapo simu itachajiwa kabla ya kukauka. Kama lingetokea kwetu, ninaamini tungepata semina ya namna ya kukausha simu.

Kisha kuna namba ya siri. Hapa elimu imevuka kuwa uzembe na kuwa tusi.

"Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Tunalisikia kwenye redio, tunalisoma kwenye ujumbe, limebandikwa kwa kila wakala. Bibi yangu yuko shamba, Makunduchi, na analijua kwa moyo. Kila mwezi anapokea pesa kutoka kwa mwanawe aliyeko Muscat. Ili aitoe inabidi apige kodi ya nyota na reli, asome orodha iliyobanwa ndani ya ujumbe usiozidi herufi 182, achague namba, asome orodha nyingine, achague tena, na afanye yote hayo kwa kasi, kwa sababu akichelewa huduma inajifunga na anaanza mwanzo. Macho yake yana mtoto wa jicho. Mfumo huo haumwachii njia isipokuwa moja: kumpa mjukuu simu na kumnong'oneza namba. Kwa hiyo tumejenga kitu ambacho hakiwezi kutumiwa na mzee bila kuvunja sharti lake la kwanza, kisha tukalitangaza sharti hilo redioni kila saa. Pesa ikipotea, kosa ni la bibi, hakufuata elimu.

Kungekuwa na shida gani kumruhusu mwenye akaunti amsajili msaidizi, mwenye namba yake mwenyewe ya siri na kikomo chake kwa siku, na kila alichofanya kisomwe kwa sauti kwa mwenye pesa? Benki zinawafanyia makampuni kitu kama hicho tangu zamani, mmoja anaandaa malipo na mwingine anaidhinisha. Wajukuu wapo katika kila nyumba. Waliounda mfumo waliwaona watu wanavyoutumia, maana wakala yeyote angewaambia kwa soda moja. Wakaamua kwamba mtumiaji wao ni mtu mmoja, kijana, mwenye macho mazima, aliye peke yake na simu yake. (Saa ya simu inayoita saa moja asubuhi saa saba, hiyo naiacha. Ina makala yake.)

Ninaposema "waliounda", sijitoi. Sisi tunaosomea kazi hii tunafundishwa mapema sana kucheka. Tunacheka mama aliyefunika tivii kitambaa, mzee aliyebonyeza kitufe kibaya. Hatufundishwi kuuliza kitufe kibaya kilifuata nini karibu na kitufe kizuri. Mitihani yetu imejaa mota zinazopewa volti 230 kamili. Sijawahi kupewa swali linaloanza: "Umeme umekatika mara tatu ndani ya dakika kumi, Kikwajuni, saa moja usiku, kokotoa." Halafu tunaajiriwa, tunapelekwa warsha, na tunashika ile kalamu ya karatasi ya ukutani.

Hoja ya mwisho wanayonipa ni udogo wetu. Soko la kisiwa, nani atatusikiliza? Mimi naona wanaipima vibaya. Umoja wa Ulaya ulipoamua kuwa kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu zote zinazouzwa huko ziwe na kitundu cha chaji cha aina moja, hata Apple ilishabadilisha chake mwaka uliotangulia, na leo fundi wa Darajani anatumia waya mmoja kwa simu zilizokuwa na nyaya tatu. Hakuna Mzanzibari aliyepewa elimu ya waya. Kweli sisi si Ulaya. Lakini kisiwa kina kitu ambacho nchi kavu kubwa zinakitamani: bidhaa zinaingia kwa milango michache inayohesabika. Friji halipenyezwi porini usiku kwa baiskeli. Na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ipo kwa sheria tangu 2011.

Ninachotaka iandike si kirefu. Friji lolote la nyumbani linaloingia Unguja na Pemba lisubiri angalau dakika tatu baada ya umeme kurudi. Lijizime lenyewe volti zikishuka chini ya 180 au zikizidi 260, na lisife. Ipimwe sampuli moja kwa kila shehena, bandarini, kwa kuikatia umeme mara hamsini mfululizo. Vifaa vya kipimo hicho vinaenea juu ya meza moja, na wanafunzi wa kukifanya ninawajua kwa majina. Dhamana inayotaja stabilaiza ihesabiwe kuwa muuzaji amekiri friji lake halijakamilika, na amrudishie mama pesa yake kabla ya Ramadhani.